Sita na Nusu

Mlangoni walinivua saa, wakanivua pete ya marehemu mama,
wakabandua hata karatasi ya chupa ya maji
isije ikaficha sentensi.
Kidole kikawekwa kwenye kioo chenye taa nyekundu.
Mara tatu hakikusomeka.
"Mikono ya jembe hii," akanong'ona binti wa mapokezi,
akanipa pamba yenye spiriti.
Nikafuta Kidia yote, kikasomeka.

Huko ni Arusha, ghorofa ya tatu, si mbali na Mnara wa Saa.
Nilitoka Moshi kabla ya jogoo
na penseli mbili, na pasipoti
ambayo haijawahi kuvuka hata Holili.

Lugha ya mama, fomu iliuliza. Kisanduku kimoja.
Mama alinibembeleza kwa Kichaga,
akanigombeza kwa Kiswahili,
na hesabu za maziwa alizipiga kimoyomoyo
kwa lugha ambayo hakumwachia mtu.
Niliandika Kiswahili.
Kichaga kikalala nje na simu yangu,
droo namba kumi na nne.

Nilipaswa kucheka.
Fizikia yote niliisoma kwa Kiingereza,
na miaka mitatu sasa, mimi, Mwalimu Ndeonansia,
nawavisha watoto kibao shingoni
kwa kosa la kusema "naomba maji".

Masikioni mwanamume alikuwa anapanga chumba karibu na stesheni.
Jina lake alilitaja herufi kwa herufi, mara mbili, taratibu.
Langu msimamizi alilivunja katikati
akaondoka na kipande.

Kisha chumba kidogo, meza, kinasa sauti, mama mwenye miwani.
Akanisukumia kadi: eleza mahali penye maji.
Dakika moja kufikiri, mbili kusema.
Mahali penye maji! Mimi ninayeomba kwenda kusomea maji!
Nikaanza kwa mbio, nikapanda hadi kwenye banio,
nikataja mawe, nikataja zamu, ukoo gani usiku, ukoo gani mchana,
halafu nikafika kwenye mfongo
nikasimama.

Neno la kwanza lililonijia ni la matuta ya viazi.
La pili lina meli ndani yake.
La tatu linanuka, ni la maji machafu nyuma ya gulio.
Mfongo wetu ulichimbwa na watu waliopima mteremko kwa macho,
nami nauita mtaro?
Kalamu ya yule mama ikasubiri.
Ikasubiri.
Ikaandika.

Siku ya kumi na tatu majibu yakaja: sita na nusu.
Chuo kinataka saba.
Ingekuwa saa, ingekuwa mchana, watu wanakula.

Heri nusu shari kuliko shari kamili, walisema wahenga,
ambao hawakuwahi kuomba chuo.

Shangazi Aisia, mwuza maziwa, alisikiliza mpaka mwisho.
"Hiyo nusu iliyopungua," akauliza, "wanaiuza shilingi ngapi?"
Nikamwambia: bei ileile ya saba nzima.
Unalipia upya kuanzia sifuri.
Akakung'uta kipimo chake cha bati, akakitazama ndani.
"Hao," akasema, "sokoni kwetu wangepigwa."
Jioni akaniletea noti zimekunjwa, zinanuka mtindi,
na hakutaka tuzungumze.

Usiku zamu yetu ilikuwa saa nane.
Nikashika tochi na jembe, nikapanda,
nikazibua migomba na tope, maji yakaja
yakisukuma majani makavu mbele yao.
Nikatega simu: dakika mbili.
Nikayasemesha kwa Kiingereza, kwa sauti, peke yangu gizani,
mbwa wa jirani akabweka
kama ninayeiba.
Nilieleza banio. Nilieleza mteremko.
Nilipofika pale pale nikasema mfongo,
bila kutafsiri, bila kuomba radhi, nikaendelea.
Maji hayakunisahihisha, yana shamba la kwenda.
Simu ikalia.
Nilikuwa bado sijafika kwenye kahawa.